Hakuna Aliyetaka Kupewa Mwavuli

Tulikuwa tumeshaiacha lami, magurudumu ya ndege yanajikunja chini yetu, na shemeji yangu anaongelea mwavuli.

"Shem, leo sitaki uoga wako. Nikikabidhiwa ule mwavuli, bora niache kazi."

Damu ilikuwa inanichemka.

Chumbani kwetu marubani kulikuwa na mwavuli wa mtoto, wa pinki, wenye masikio ya sungura. Ukikatiza kutua ukapanda tena juu kuzunguka, unakabidhiwa. Wiki nzima unatembea nao, kazini na hotelini, watu wazima wanakucheka.

Aliyeuanzisha ni mkuu wetu wa marubani, tuliyemwita Nyundo. Alijisifu hajawahi kuzunguka tangu azaliwe.

Utani tu, walisema. Utani gani unaokaa kati ya rubani na akili zake?

Mimi nimerusha ndege nchi nyingi kuliko mashati niliyonayo, lakini shule nimeisoma vipande vipande, huku mwaka, kule miezi. Nikabaki kiti cha kulia, cha rubani msaidizi. Cha kushoto, cha kapteni, alikaa huyo mume wa dada yangu.

Tulipoanza kushuka, wingu jeusi lilikuwa pembeni mwa uwanja, limenuna.

"Shem, tusubiri huku juu kidogo, lipite."

"Tusubiri halafu wanicheke? Thubutu."

Nyuma yetu kwenye foleni alikuwa Nyundo mwenyewe na ndege yake.

Tuko chini kabisa, mabati ya nyumba yanahesabika, spidi ikaruka juu ghafla. Shemeji akavuta vishikio vya injini nyuma.

"Usipunguze! Huo ni upepo wa mbele tu, unakata sasa hivi!"

"Spidi imezidi, huoni?"

"Naona! Rudisha!"

Hapo ndipo wengi wanapofia. Upepo wa mbele unakupiga, spidi inapanda, unajiona una ziada, unapunguza nguvu. Mara upepo unageuka, unakuja kwa nyuma. Spidi inaporomoka na nguvu umeshaitoa kwa mkono wako mwenyewe. Na injini ya ndege siyo pikipiki. Ukiisukuma inavuta pumzi kwanza, na wewe muda huo huna.

Upepo ukakata.

Kengele zikalia. Paa la ghala likawa linakua kwenye kioo.

"Zunguka!"

Akaganda.

"Zunguka, mjinga wewe, una watoto!"

Alinitazama. Wallahi, nilimwona akiuwazia ule mwavuli.

Nikaweka kiganja changu juu ya chake, nikasukuma vishikio mpaka mwisho. "Nachukua mimi." Nikainua pua. Mkono wake ukakimbilia kukunja magurudumu, nikauzaba kofi.

"Acha yalivyo! Usiguse kitu mpaka tutoke humu!"

Injini zikavuta pumzi ndefu kuliko zote nilizowahi kusikia. Paa likapita chini ya miguu yetu. Ndipo ndege ikakubali kupanda.

Nikabonyeza redio. "Upepo umegeuka karibu na lami, spidi imetutoroka, msishuke! Nyundo, umenisikia?"

"Nimekusikia, babu." Alikuwa anacheka. "Mwavuli nakuandalia."

Shemeji akajifuta jasho. Nikajua atasema asante.

"Ukiulizwa," akasema, "wewe ndiye uliyezunguka. Sawa? Mimi nilitaka kutua."

Ningefungua mdomo ningemng'ata.

Kisha redioni sauti ya mwongozaji wa ndege, inatetemeka: "Ndege zote, uwanja umefungwa."

Nyundo alikuwa ameshuka. Spidi ilipomrukia, naye alipunguza nguvu, ndege yake ikaanguka kabla ya kufika lami. Waliosikiliza kinasa sauti cha ndege yake wanasema rubani msaidizi wake alimwambia azunguke, akajibiwa kwa kicheko.

Sisi tukatua uwanja mwingine. Baada ya wiki kampuni ikaita waandishi wa habari, waonyeshwe rubani aliyeokoa abiria wake. Nilikaa safu ya nyuma.

Shemeji akasimama, koti limenyooka. "Nilihisi hatari," akasema, "nikaamua kuzunguka. Mzee hapa alikuwa na wasiwasi, ila nilimtuliza."

Wakapiga makofi. Dada yangu alilia kwa fahari.

Nilipiga kelele pale pale. Walinzi wakanitoa nje.

Ninyi vijana mnaorusha: spidi ikiruka ghafla karibu na ardhi, usiifurahie. Na mwenzako akikataa kutua, mpokee kwa chai.

Watu kumi na mmoja walikufa, wakiwemo msaidizi wa Nyundo na mhudumu wa abiria aliyekaa mlango wa nyuma. Nyundo alikatwa mguu, anaishi kwa mwanawe. Shemeji ndiye mkuu wa marubani sasa. Dada yangu haongei na mimi. Mimi narusha ndege za mizigo, nchi nyingine, bado kiti cha kulia.