Uso Mmoja wa Nyanya

Studio ya Mzee Wandera ilinuka siki. Ilikuwa dawa ya kusafishia picha, na harufu yake ilipenya chini ya mlango wa chumba cha giza, ikatoka mpaka barazani ambako mama yangu alishonea nguo. Tulikuwa Busia, upande wa Kenya, uchochoro mmoja tu kutoka barabara ya mpakani ambako malori yalisimama kutwa nzima yakingoja kuvuka. Likizo ile ya Agosti nilikuwa na miaka kumi. Sikuwa na kazi yoyote ila kukaa kwenye mkeka karibu na cherehani ya mama na kutazama picha zilizobandikwa dirishani: maharusi, makarani, mapacha waliovishwa sare. Mzee Wandera hakuwa na haraka na mtu. Hakutumia taa ya umeme kama wenzake. Alikuwa na dirisha moja kubwa upande wa mashariki na shuka jeupe alilolitundika mkabala nalo ili mwanga urudi usoni. Alimkalisha mteja kwenye kigoda, akazungumza naye habari za nyumbani, akanyamaza, akangoja. Watu walianza kwa kukaza shingo na kubana midomo. Baada ya muda walichoka kujifanya, na hapo ndipo ulisikia kamera ikilia mara moja. Mara moja tu.

Katikati ya mwezi alikuja nyanya, mama yake baba, kutoka Kiyeyi ng'ambo ya mpaka, ili atibiwe mguu. Nilimpenda, lakini nilimwonea haya. Shavu lake la kushoto lilikuwa na kovu kubwa lililoanzia chini ya jicho hadi shingoni, ngozi imekunjamana na kung'aa, na wasichana wawili wa darasa letu waliopita barazani walikuwa wamemtazama kisha wakacheka wakiwa wameziba midomo. Mimi nilijifanya simjui. Jioni ile baba akasema nyanya hajawahi kupigwa picha maishani, na kwamba Jumamosi atapelekwa kwa Mzee Wandera, kila mtoto wake apate nakala.

Siku iliyofuata, mama alipokwenda kununua nyuzi, niliingia studio peke yangu.

"Mzee," nikasema, "nyanya akija, mpige upande wa kulia. Ule mwingine usionekane."

Aliacha kupangusa lenzi. "Yeye mwenyewe amesema hivyo?"

Niligeukia picha za dirishani. Akarudi kupangusa lenzi yake, wala hakunigombeza, jambo lililonisumbua kuliko kama angenigombeza.

Jumamosi nyanya alivaa gauni lake refu la gomesi, la kijani, akakaa kwenye kigoda, nami nikasimama kando ya mama mlangoni. Mzee Wandera alivuta shuka lake huku na huku, kisha akamwuliza kwa heshima, "Mama, ungependa nikupige upande gani?"

Nyanya alimtazama kama aliyeulizwa jambo la ajabu. Alizungumza Kidhopadhola nyumbani, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. "Mimi nakuja na uso moja," alisema. "Piga hiyo."

Niliinamisha macho sakafuni. Mzee Wandera hakugeuka kunitazama. Aliinama nyuma ya kamera, akangoja, kisha akauliza polepole alikolipata lile kovu.

"Pipa ya pombe ya ulezi. Maji ilikuwa nachemka, pipa naanguka. Baba ya huyu ilikuwa nasoma, mimi napika pombe ya kulipa shule." Macho yake yaliondoka chumbani, yakaenda mbali, na kidole chake kikagusa shavu. Kamera ikalia.

Sikuwahi kuambiwa habari ile. Picha ilipokauka nililiona kovu kwanza, kwa maana mwanga wa dirisha ulikuwa umeangukia hapohapo, mkunjo kwa mkunjo, na halikuwa baya hata kidogo. Nyanya alionekana kama mtu ambaye ukiingia nyumbani kwake lazima uvue kofia.

Mguu ulipopona tulimrudisha Kiyeyi, tukakuta karanga zimekomaa. Huko mpiga picha alikuwa Apio, mwanamke mrefu aliyezunguka kwa baiskeli makanisani na mashambani, kamera ikining'inia kifuani. Hakumkalisha mtu wala kumwambia atazame huku. Alipiga soga, akang'oa karanga pamoja na watu, na kamera ililia katikati ya maneno yake kama kikohozi. Siku tulipong'oa karanga za nyanya alikuwa mstari wa pili kutoka kwetu. Mimi nilikuwa nimebeba jambo langu tangu Jumamosi ile ya studio, na mwishowe nikalitoa: nikamwambia nyanya nilichomwomba Mzee Wandera.

"Mimi najua," alisema. "Siku ile wewe ulikuwa naangalia chini tu."

Aliushika mkono wangu, umejaa udongo vilevile, akauweka kwenye kovu. Lilikuwa laini kuliko nilivyodhani. Nikauliza kama linauma. Akasema haliumi, linawasha tu, tena vidole vyangu vinamtekenya, na akaanza kucheka. Apio alikuwa ameshapiga.

Picha hiyo ina makosa yote. Imeinama, nyanya ametiwa ukungu kidogo kwa kucheka, na mimi nimekatwa, nimebaki mkono tu. Apio alinipa kabla hatujaondoka, na niliporudi Busia nilimwonyesha Mzee Wandera, nikidhani ataibeza. Aliipeleka dirishani, akaigeuza huku na huku kwenye mwanga.

"Nimefanya kazi hii tangu ujana wangu," alisema, "na sijapata kumchekesha mtu hivi. Huyu mama aliyepiga ni fundi."

Sasa nasomea upigaji picha Nairobi. Walimu wetu hutuonyesha kazi za mabingwa wa nchi za mbali, na nikiona anayengoja namkumbuka Wandera, nikiona anayewahi namkumbuka Apio. Sioni kama wawili hao wamezidiwa. Ile studio siku hizi ni duka la simu. Apio bado anapiga, kwa simu, na nyanya tulimzika mwaka jana. Nikienda nyumbani likizo watu huniomba picha, na simu zimewazoesha ngozi isiyo na alama hata moja. Wengi huniambia niondoe kovu, chunusi, makunyanzi, nami huondoa, kwa sababu uso ni wao. Lakini kwanza namkalisha mtu karibu na dirisha na kumwuliza kipi kiondoke na kipi kibaki, jambo ambalo mimi wa miaka kumi sikulifanya. Mwezi uliopita mama mmoja muuza samaki alifikiri kidogo, akajishika kidevu chenye alama ya kisu, akasema, "Hiyo iache. Watoto wangu hawatanijua bila hiyo." Nikangoja mpaka akasahau kamera, nikapiga mara moja.