Kifaransa cha Bandani

Wanangu, na wajukuu mtakaosoma haya, tulieni mnisikilize. Shule sikwenda mbali, na Kifaransa sikijui. Ila kinavyosikika nakijua, maana niliolewa nacho.

Nakumbuka jioni moja huku Rombo, nikiwa bibi harusi bado mgeni kwenye kihamba, shamba la migomba la wakwe. Babu yenu alikuwa mbeba mizigo mlimani, anatamani kuwaongoza wageni wanaoongea Kifaransa. Alikuwa anawakatia ng'ombe migomba, na kila pigo la panga analitolea kipande cha neno. "Tunatembea" kwao ni nous marchons. Akakata: nu, mar, shon. "Wanatembea" ni ils marchent. Hapo akapiga mara mbili tu: il, marsh. Akanieleza kwamba zile herufi za mwisho zinaandikwa lakini hazitamkwi. Mimi niliyezoea tu-na-te-mbe-a, kila herufi na haki yake, nilishangaa watu kuandika kitu wasichokisema.

Kaka zake wakapita.

"Bwana Mfaransa! Ng'ombe wameitikia?"

"Kesho watatoa maziwa ya Paris hao!"

Wakacheka hadi wakashika mbavu. Tangu hapo babu yenu akawa anasoma kwa macho tu, midomo imefungwa.

Siku ya kupimwa ikafika, akaambiwa aongee na wageni wenyewe. Maneno alikuwa nayo yote kichwani, mdomo ukakataa. Akarudishwa kwenye mizigo. Alivyofika nyumbani hakula.

Mama mkwe hakumpa pole. Aliwageukia kwanza wale kaka: "Mnacheka nini? Ninyi mlizaliwa mnaongea?" Kisha akamgeukia yeye: "Na wewe, maneno unayameza ya nini? Nenda bandani useme. Ng'ombe hawajui kusimanga."

Akaenda. Jioni baada ya jioni nilikuwa jikoni napika kiburu changu cha ndizi na maharage, namsikia anakata na kusema, anakosea, anarudia, mpaka alipokubaliwa kuongoza wageni. Sasa ametangulia. Mvua ikigonga majani ya migomba huwa naacha kukoroga nisikilize vizuri. Ni mvua tu.

Wanangu, mjukuu wangu Aneti naye anasomea kazi ile ile. Anasoma amejikunja kitandani, sauti haitoki, kwa sababu kaka zake wanamwita "Madamu". Nimeliona, limeniuma.

Nasema hivi: lugha haisomwi kwa kujificha. Likate neno, tamka kipande kwa kipande, kosea watu wakusikie, rudia. Na wewe usiyejifunza chochote, mwache mwenzako. Mungu awape ndimi nyepesi, na kutoka kila mlima mtakaopanda awarudishe nyumbani salama.

Jana niliwaambia wote waliokuwa sebuleni: "Zimeni hiyo televisheni. Atakayecheka atalala njaa. Aneti, toka huko chumbani, njoo ukae hapa karibu yangu, useme kwa nguvu."