Nusu na Nusu, na Dume wa Jirani

Kosa langu naliweka mezani mapema ili tusizungushane. Nilimvua dume la kondoo wa jirani kile kipande cha ngozi anachofungwa chini ya tumbo, nikakifua kwa sabuni ya unga, nikakianika kati ya shati langu na leso ya dada yangu. Niliona ni usafi. Wafugaji wanaosoma hapa wameshashika kichwa. Wengine nitawaeleza polepole.

Ilikuwa Kitengela, miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kuanza kazi ya kukaa ndani, kazi ambayo niliiweza sana. Dada yangu mkubwa alishona nguo kiwandani Athi River, na akirudi jioni alinikuta pale pale aliponiacha, ila nimegeukia upande mwingine. Binamu yetu alikuwa ametuachia kompyuta kuukuu iliyonguruma kama kinu cha posho, na ndani yake mchezo mmoja. Unapewa shujaa, anatembea mapangoni akipigana na mazimwi, na kila akipanda ngazi unapewa pointi za kumwongezea uwezo. Wenzangu waliongeza upanga. Mimi nilimtakia shujaa wangu jambo moja tu, asiguswe na mtu.

Njia za kujikinga zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kukwepa: ukiijaza pointi, nusu ya mapigo yanakupita hewani. Ya pili ni vazi la chuma: kila pigo linakufikia, lakini kwa nusu ya nguvu. Ipi bora? Nilikaa na swali hilo mpaka chai ikafanya ngozi juu. Kisha nikapata mwanga. Nichukue zote mbili. Nusu na nusu ni kamili, kwa hiyo shujaa wangu hataumia tena maishani. Nilishangaa tu kwamba waliotengeneza mchezo hawakuliona hilo.

Sasa jirani. Alikuwa mama wa Kimaasai, mjane, aliyebaki na kipande kidogo baada ya shamba la mumewe kukatwa ploti na kuuzwa, na kondoo wachache aliowachungia kwenye viwanja ambavyo wenyewe walikuwa hawajajenga. Walikuwa wachache mno kuwatenga, kwa hiyo dume alilisha pamoja na majike, amefungwa ile ngozi ili hata akipanda, asifike popote. Mama alikuwa akimfungulia Juni, watoto wazaliwe Novemba, mvua imeanza na nyasi zipo. Hayo niliyajua baadaye. Wakati ule niliona kondoo amevaa aproni.

Siku moja ya Aprili akasimama dirishani kwangu akielekea soko la Bisil.

“Kijana wa kompyuta, si uko tu?”

“Niko, Yeyo.” Hilo ndilo neno lao la mama, na ndilo lilikuwa karibu Kimaasai changu chote.

“Niangalilie kondoo. Kuangalia tu. Usifanye kitu.”

Sijawahi kupewa maagizo yanayonifaa zaidi. Lakini mvua ilikuwa imenyesha, na udongo mweusi wa Kitengela, ule unaobaki na kiatu chako, ulikuwa umejaa kwenye ile ngozi mpaka ikawa inaburuta chini. Nikamhurumia dume. Nikamfungua, nikaitumbukiza ngozi kwenye karai. Hapo ndipo nikaelewa ilikuwa ya kazi gani, kwa sababu dume naye alielewa papo hapo.

Nikamshika pembe, nikamfunga kamba kwenye kigingi. Majike nikawaswaga hadi mwisho wa kiwanja. Kisha nikapiga hesabu: kamba inazuia nusu ya hatari, umbali unazuia nusu. Kamili. Nikaingia ndani kungoja ngozi ikauke.

Huko ndani shujaa wangu, mwenye kinga zote mbili, alikufa. Nikamrudisha, akafa tena. Ikabidi nichukue kalamu. Tuseme mapigo ya zimwi yana nguvu ya mia. Kukwepa kunaondoa hamsini. Vazi la chuma nalo linakata nusu, lakini ni nusu ya zile hamsini zilizobaki, si nusu ya mia. Zinabaki ishirini na tano. Robo. Kumbe shujaa alikuwa anauawa na robo ambayo mimi sikuijua kuwa ipo.

Nikainua macho dirishani. Dume alikuwa ameng'oa kigingi kwenye udongo mlaini na kuvuka kiwanja kizima. Alikuwa katikati ya majike, kamba inamning'inia, ametulia kama mgeni aliyeshiba anayengoja maji ya kunawa.

Mama aliporudi aliiona ngozi kwanza.

“Hii inafanya nini kwa kamba ya nguo?”

“Nimekufulia, Yeyo. Ilikuwa na matope.”

“Na mwenyewe ako wapi?”

Nikaonyesha kwa kidevu. Hakupaza sauti. Alihesabu miezi kwa vidole, kila kidole akikikunja kama anakivunja.

“Septemba,” akasema. “Unajua Septemba hapa kunakuwa na nini?”

“Vumbi.”

“Basi ukae ukijua, hao watoto hawatakula vumbi. Watakula nyasi, na hizo nyasi utatafuta wewe.”

Hivyo ndivyo nilivyotoka ndani. Septemba ilipofika nilikuwa nashika panga na gunia kila asubuhi, nakata majani kando ya mitaro na nyuma ya kanisa, watu wakinitazama kama mtu aliyefufuka. Majike wawili walikosa maziwa. Watoto wao nikawalea chumbani kwa chupa, mmoja akilala juu ya waya za kompyuta kwa sababu pana joto. Dada alisema angalau sasa nyumbani kuna mtu anayelia akitaka kula, badala ya kungoja kimya.

Wote waliishi. Mvua zilipoanza Mama akaja kuwachukua hao wawili. Akanikuta kwenye mchezo, pointi zote mpya nimezitia kwenye chuma, shujaa amefunikwa kuanzia kisigino mpaka kope. Nikamweleza kwa fahari kwamba hata robo sasa imepungua. Akainama, akaangalia kioo cha kompyuta, mtoto wa kondoo kwapani.

“Huyu mtu wako umemvalisha chuma mpaka masikio, na hata hana uhai,” akasema. “Dume yangu ilikuwa na ngozi moja tu, na hiyo ndiyo ulitoa ukafua.”