Arlys na Mipira Iliyoponyoka

Arlys Vetter ni mama wa miaka sitini na tatu, na kwa misimu ishirini na sita ndiye mtunza takwimu wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya shule ya sekondari ya Holbeck, mji mdogo wa Nebraska ambako ghala la nafaka ni refu kuliko kanisa. Halipwi. Hupewa kiti kando ya mtangazaji na kikombe cha kahawa mbaya. Siku za kazi yuko kwenye mizani ya ghala, anapima malori ya mahindi. Hachoti mahindi ya juu tu. Huchoma mrija wa chuma sehemu tano za lori, hadi chini kabisa, ndipo aseme yana unyevu kiasi gani. Wakulima hulalamika kwamba anachelewesha foleni. Yeye hajali.

Kwenye mpira alikuwa na mwiko mmoja: hatoi asilimia za kwotabeki, yaani mipira yake mingapi hufika kwa mwenzake, kabla ya mchezo wa tano. Kwotabeki ndiye anayepewa mpira kwanza na kuamua amrushie nani, kwa hiyo mji mzima humwimba akipatia na kumtukana akikosea. Michezo miwili, Arlys husema, ni michache mno. Upepo ukivuma Ijumaa moja tu ya mchezo, hesabu yote imepinda.

Msimu huu Holbeck walifungwa mchezo wa kwanza, na wa pili wakafungwa vibaya zaidi. Jumamosi asubuhi wapenzi wa timu walikutana mgahawani kula mayai na kubishana. Merle Osterloh, muuza matrekta, ambaye mwanawe Bryce alikuwa kwotabeki wa akiba, alikuwa ameshapandisha sauti.

"Arlys, acha maringo. Tupe asilimia."

"Mchezo wa tano, Merle. Unajua."

"Mchezo wa tano tutakuwa tumeshazikwa! Unamficha nani wewe?"

"Simfichi mtu. Namba zenyewe bado mbichi."

"Lete hivyo hivyo mbichi, tutazitafuna!"

Watu wakaangua kicheko. Kocha Hruska hakucheka. Alikuwa hajalala vizuri tangu msimu uanze, na ilionekana.

"Nisomee tu, Arlys," alisema polepole. "Nahitaji kitu cha kushika."

Arlys akamwonea huruma, na huruma ndiyo iliyomponza. Akafungua daftari. Trent Kubik, kwotabeki wa kwanza: mipira kumi na minne iliyofika kati ya thelathini na saba, asilimia thelathini na nane. Bryce Osterloh: tisa kati ya kumi na mmoja, asilimia themanini na mbili. Alitaka kuongeza kwamba Bryce aliingia wakati wapinzani wanaongoza kwa pointi thelathini na wameshawapumzisha wachezaji wao wazuri, lakini Merle alikuwa anapiga meza kwa shangwe na hakuna aliyemsikia. Kabla sahani hazijaondolewa, Trent alikuwa amevuliwa nafasi. Alikuwa mwaka wa mwisho, na Ijumaa iliyofuata mtu wa chuo fulani alikuwa anakuja kumtazama kama anafaa kuchezea timu yao.

Arlys alirudi nyumbani ameona aibu. Mchana akafungua video za michezo yote miwili kwenye kompyuta na kuzitazama mpira kwa mpira. Hapo ndipo alipoliona jambo ambalo kwa kweli alikuwa akilijua siku zote. Mipira tisa ya Trent ilifika mikononi mwa wenzake ikaponyoka.

Holbeck haiandiki mipira iliyoponyoka. Mzee aliyemwachia Arlys daftari alimwambia hivyo siku ya kwanza: karatasi ya takwimu hubandikwa kwenye dirisha la mgahawa, mama wa mtoto ataisoma, na kesho mtasimama naye foleni moja. Ni adabu ya mji. Mpira ukiponyoka, unaandikwa tu kwamba haukufika, na lawama inabaki kwa aliyerusha. Misimu ishirini na sita Arlys aliiona hiyo kuwa ni utu, na kumbe kila mwaka kulikuwa na mtoto mmoja anayebeba makosa ya wenzake wote.

Kati ya mipira ile tisa, sita ilimponyoka Wade. Wade ni mjukuu wake.

Akakaa. Akapika chai, hakuinywa. Kisha akampigia Hruska.

"Trent ni ishirini na tatu kati ya thelathini na saba," alisema. "Sitini na mbili. Na hiyo nayo usiiamini sana, ni mbichi."

"Sasa niamini nini?"

"Macho yako, mpaka mchezo wa tano. Mrudishe kijana. Na Jumatatu nabandika karatasi mpya, na majina ya walioponyokwa."

"Arlys, hata la Wade?"

"La Wade litakuwa la kwanza. Ndiye mwenye nyingi."

Binti yake alimpigia simu Jumapili, ameshasikia. "Mama, mjukuu wako mwenyewe! Mji mzima utamcheka."

"Mji mzima unamcheka Trent."

"Trent si wetu!"

Arlys akachukua kalamu, akaendelea kuandika karatasi mpya.

Jumatatu asubuhi, kabla mgahawa haujajaa, alikuwa amesimama dirishani na gundi ya karatasi mkononi aliposikia hatua nyuma yake. Alikuwa Wade, begi mgongoni, macho mekundu. Akaisoma karatasi tangu juu hadi chini. Arlys alingoja atukanwe. Alikuwa ameshajiandaa kwa hilo.

"Bibi, umekosea," Wade alisema.

"Nimeitazama mara tatu, mwanangu."

"Si sita. Ni saba. Ule wa pembeni, mchezo wa kwanza. Umeandika ulinipita juu. Haukunipita, bibi. Niliushika kabisa, ukaniponyoka."

Arlys akafuta sita, akaandika saba, na hakuwahi kumpenda mjukuu wake kama alivyompenda asubuhi ile.