Shairi Lililohojiwa Mezani

Kiwandani wanakofulia shuka za hoteli walimwita Mama Pasi. Jina hilo hakulikubali wala hakulikataa; aliliitikia tu, akangoja kuona litamfikisha wapi. Miaka mitatu ya kusubiri kibali cha ukaazi ilikuwa imemfundisha kwamba kila swali lina ndugu yake anayekuja nyuma. Alishahojiwa mara nne. Mara ya kwanza alisema waliondoka kwao asubuhi, ya pili akasema alfajiri, na tofauti hiyo ya saa moja ikamcheleweshea faili miezi minane. Aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona ung'ongo. Mama Pasi alishtuka akiona bahasha.

Basi Jumapili moja binti yake wa miaka kumi na mmoja alipomletea bahasha ya shule, aliiinua kwanza kwenye mwanga wa dirisha. Ndani mlikuwa na shairi la mtoto na karatasi ya kutia sahihi. Mwalimu wa fasihi alikuwa anakusanya diwani ya watoto waliohamia kutoka nchi nyingine, na shairi hili alilipenda mno.

"Amelipendea nini?"

"Ni zuri, mama."

"Vitu vizuri ni vingi. Mbona hakuomba mchoro wa maua?"

Akatoa chini ya godoro faili lenye nakala za mahojiano yake, akaliweka mezani kando ya shairi, akavaa miwani. Kidole kimoja kwenye faili, kimoja kwenye ubeti.

"Unasema mwezi ulitufuata hadi mpakani. Humu tulisema hatukufuatwa na yeyote."

"Mama, ni mwezi!"

"Na wakikuuliza Mwezi ni jina la nani? Haya. Mkoba mzito kama nyumba. Mikoba ilikuwa miwili, ukurasa wa sita. Kilo nane kila mmoja."

"Kilo nane haipati kina."

"Ukweli hautaki vina, mwanangu. Unataka kufanana."

Akashika kalamu. Mwezi akaufuta, mkoba akauongezea mwenzake. Kwenye ubeti wa nne kalamu ikasita.

*Baba mkono kapunga, mlangoni kasimama.*

Mara nne alikuwa ameapa kwamba siku ya kuondoka mumewe hakuwapo. Alitoka siku tatu kabla, hakurudi, hadi leo hajulikani alipo. Alisema alichokijua. Sasa akamtazama bintiye kama yule afisa aliyemhoji alivyozoea kumtazama yeye. Ikiwa mtoto alimwona, basi faili zima ni uongo, kibali ndio basi, na yuko mtu aliyesimama mlangoni akawaacha waende.

"Ulimwona?"

"Hapana."

"Usinifiche. Mimi nilitangulia na mikoba, wewe ukageuka nyuma. Ulimwona?"

"Niligeuka, mama. Mlango ulikuwa wazi, hapakuwa na mtu."

"Sasa huyu anayepunga katokea wapi?"

Mtoto akakunja pembe ya karatasi, akaikunjua.

"Nimemweka mimi. Nimeona si vizuri kuuacha mlango mtupu."

Mama Pasi akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga, ingawa haikuwa na vumbi. Mshororo ule hakuugusa. Hata mwezi aliurudisha, kwa mwandiko wake mwenyewe. Mkoba wa pili tu ndio aliokataa katakata kuufuta. Akatia sahihi. Lakini kwa kuwa mtu haachi asili yake kwa siku moja, chini kabisa ya shairi akaandika kwa herufi kubwa: *Haya ameyaona mtoto. Niliyoyaona mimi yako kwenye faili.*

Wiki sita baadaye diwani ikatoka, kibali bado. Mwalimu, ambaye Mungu alimnyima kabisa kipaji cha kushuku watu, alikuwa ameyachapa maneno hayo kama mwisho wa shairi.

Mkunjaji wa shuka, mtoto wake akisoma darasa lilelile, alikuja na kitabu kazini, akasoma kwa sauti katikati ya mvuke.

"Dada, huo mwisho umenimaliza. Binti yako hatari!"

"Umekumaliza vipi? Nani kakutuma uniulize?"

"Nimekuuliza nini mimi?"

Mama Pasi akakiazima kitabu. Jioni akakaa mezani na faili lake, akalinganisha shairi lote neno kwa neno, mara tatu, hadi ule mwisho. Hakuona kosa popote; ya mwezi na ya baba mlangoni, ule mwisho ulikuwa umeyakabidhi kwa mtoto. Hapo ndipo wasiwasi ulipomwingia kwelikweli.