Fundi Bomba Ananunua Nyumba Maisaka

Zabron ameingia katika nyumba nyingi za Babati kuliko padri na mchungaji wakijumlishwa, ila yeye hupitia mlango wa nyuma, suruali imekunjwa mpaka magotini. Koki ikivuja Bagara, bomba likipasuka Nangara, anaitwa yeye. Kwa hiyo alipochoka kupanga na kutaka kununua nyumba yake mwenyewe, hakuona sababu ya kutafuta ushauri. Nani angemfundisha Zabron habari za maji?

Nyumba aliyoipata ilikuwa Maisaka, mali ya bwana mmoja aitwaye Xavery. Ulikuwa mwezi wa nane, vumbi linaingia mpaka kwenye chai. Zabron alifika na mfuko wake wa kazi, akaikagua nyumba ile kama daktari anavyomkagua mgonjwa mwenye bima. Alifungua kila koki, akatega sikio ukutani kusikiliza mabomba, akapanda kuchungulia tenki. Kisha akapiga magoti, akainua mfuniko wa shimo la choo na kuingiza kichwa chote, jambo analolisimulia mpaka leo huku amejishika pua. Hata pima maji aliitoa, akaiweka kwenye madirisha. Madirisha yalikuwa sawasawa. Uwanja hakuupima, kwa kuwa uwanja hauna bomba.

Mkewe, Hosiana, alikuwa amesimama sebuleni akitazama ukuta.

"Baba Jenifa, mbona rangi ya chini ni mpya na ya juu imepauka?"

"Watoto hao. Wanashikashika ukuta."

"Watoto wa Xavery si walishaoa?"

"Basi ni wajukuu."

"Na yale mawe yaliyopangwa mlango wa jikoni?"

"Bustani."

"Bustani ya mawe?"

Zabron alimjibu, kwa upole ambao leo anatamani uzikwe, kwamba ufundi una wenyewe. Wakanunua. Wakahamia. Mawe yale Zabron akayatoa, maana yalikuwa yanamkwaza akipita na baiskeli.

Mvua za kwanza zilikuja kwa adabu, zikalainisha vumbi na kuondoka. Zabron akazisifu mbele za watu, akawaalika ndugu na majirani Jumapili mchana kwa ibada ya kubariki nyumba. Alivaa suti. Mwinjilisti Nestory alisimama katikati ya sebule, akafumba macho, akaanza kuombea nyumba ijae baraka. Nje, wingu lilikuwa limeufunika mlima Kwaraa wote.

Mvua ilishuka kwa kishindo, na haukupita muda maji ya rangi ya chai ya maziwa yakaingia kwa mlango wa jikoni. Hayakuuliza njia. Yalivuka korido, yakakata sebule chini ya miguu ya mwinjilisti, yakatokea mlango wa mbele yakiwa yamebeba viatu vya wageni. Amina ya Nestory ilikuja mapema kuliko alivyokusudia.

Hapo ndipo Zabron alipofanya jambo ambalo mji mzima unalijua. Alichomoka na suti yake, akakimbia kwenye mvua mpaka kwenye mita, akaifunga koki kubwa. Aliikaza kwa mikono miwili, kisha akarudi akihema, ameloa chapachapa.

"Umefunga?" Hosiana aliuliza, amesimama juu ya kiti.

"Nimefunga."

"Haya, mwambie na Mungu afunge ya kwake."

Wageni walicheka wakiwa juu ya makochi. Zabron alijaribu kununa, akashindwa, akacheka na yeye mpaka akakaa kwenye maji.

Kesho yake hasira zilimrudia, akaenda kumkabili Xavery.

"Mzee, umeniuzia mto!"

"Uliniuliza mabomba, nikakujibu mabomba," Xavery alisema bila kumtazama usoni. "Mawe uliyaona. Nikajua wewe fundi una mpango wako."

Zabron akarudi nyumbani. Mvua ilipoanza tena, alichukua mwavuli, na kwa mara ya kwanza akaenda kuangalia maji yanatoka wapi. Aliyafuata kupanda mlima. Njia ya ng'ombe ilikuwa imechimbika ikawa korongo dogo, limenyooka moja kwa moja hadi jikoni kwake. Juu kidogo, kando ya shamba lake, alisimama jirani yake Gidabuday, mfugaji aliyehamia mjini na kuanza kulima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Tulikuona mwezi wa nane. Tukasema, huyu anatafuta maji. Atayapata."

"Sasa mbona hamkuniambia?"

"Tungekuambiaje? Kichwa kilikuwa chooni."

Zabron akaomba msaada. Gidabuday alikubali mtaro upite pembeni mwa shamba lake, kwa sharti kwamba maji yaishie kwenye migomba yake. Wakachimba pamoja. Viganja vya Zabron, vilivyozoea spana, vilitoka malengelenge kwa sululu, na kila aliyepita alimwuliza kama bado anatafuta koki. Aliinua kizingiti cha jikoni, akajenga karavati dogo mahali mtaro unapokata njia.

Masika yalipofika, maji yalipiga kona na kwenda kwenye migomba. Si yote. Pembe moja ya stoo bado hulowa, na maharage wanayaweka juu ya mbao. Lakini sebuleni watu wanakaa chini kwa amani, na Gidabuday huwaletea mkungu kila ndizi zinapokomaa.

Vijana wa stendi wamembatiza Zabron jina la Fundi Mto. Mwanzoni alikasirika. Siku hizi mtu akitaka kununua nyumba humwita, naye hukataa kwenda mpaka mvua inyeshe. Wakimwita Fundi Mto barabarani huitika, tena kwa sauti, asije mteja akapotea njia.