Spika zangu zilivyobonyeza sakafu ya mbao ya bibi wa mchumba, Lindi enzi za ujamaa

Wakuu, heshima kwenu. Kuna mdau kauliza afanyeje sabufa lake lisiharibu sakafu ya mbao. Nikacheka peke yangu. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, siongezi chumvi.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mwalimu Kitomanga, kijana, fundi wa redio wa kujifunza mwenyewe. Nilikuwa nimepeleka posa kwa Rehema, binti wa Lindi mjini. Alilelewa na bibi yake, Bi Zuhura. Jibu niliambiwa nitalipata Ijumaa.

Jumatano kukawa na harusi ya jirani yao, Bi Zuhura akatoa ukumbi wake wa ghorofani. Muziki nikapewa mimi.

Sasa ile sakafu. Mvule mtupu, inang'aa, marehemu mumewe aliipigilia kwa mikono yake. Na spika, nilizoazima klabu yetu ya dansi, zilikuwa makabati hasa, watu wawili kuinua moja, miguu ya chuma.

Nikazitua hivyo hivyo. Ujana bwana!

Baada ya alasiri wageni wameondoka, tunainua spika ya kwanza... vishimo vinne. Ya pili, vinne vingine.

Nitasema ukweli: nilivuta mkeka nikavifunika. Nikafika hadi kwenye ngazi. Nikashindwa kushuka, nikarudi kumwita.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mbona umesawajika?"

Nikaufunua mkeka. Akainama, akapapasa kimoja kwa kidole. Moyoni nishaiaga posa.

"Mbao haijakatika," akasema. "Imebonyea tu. Rehema! Washa pasi, na kitambaa kibichi."

Pasi ya mkaa ikaja. Akatandika kitambaa juu ya kishimo, akagusisha pasi kidogo, mvuke puu! Akainua, akatazama, akarudia. Wakuu, mbao ilikuwa inapanda naiona! Saba vikapotea kabisa, cha nane kikabaki kama kivuli. Nilikaa chini pale pale, nikavuta pumzi kama mtu aliyetoka kuzama.

"Ungeondoka ningeviona kesho nikifagia," Bi Zuhura akaniambia. "Mwambie baba yako asingoje Ijumaa. Aje kesho."

Rehema akakimbilia jikoni na pasi yake. Mwaka huu tuna wajukuu tisa.

Kwa hiyo mdau, inua, usiburute. Chini ya kila mguu weka blanketi kuukuu lililokunjwa mara mbili, au ubao mpana wenye kitambaa, uzito usambae. Ikishabonyea, kitambaa kibichi na pasi ya moto, kidogo kidogo, usiiache juu ikaunguza. Mkwaruzo uliokata mbao hautoki hivyo, huo mwite fundi.

Na ukiharibu cha mtu, mwambie kabla hajakiona.

Mafundi seremala mliomo humu, kile cha nane tungekifanyaje? Na wewe uliyewahi kufunika kitu kwa mkeka, tiririka hapa chini, hatukucheki.